Cibitoke Mbili Hazisimami Pamoja

Vijana wangu mnaopuliza filimbi pakingini siku hizi, juzi nilipita hapo nikitoka sokoni Jabe, nikaweka kapu langu chini, nikasimama kuwatazama mnavyopanga magari. Nilirudi nyumbani Buyenzi nimenuna hadi mke wangu akaniuliza nimegombana na nani. Nikamwambia sijagombana na mtu, lakini nitagombana. Basi ugomvi wenyewe ndio huu, kaeni msikilize.

Nilikuwa shefu wa pakingi. Asiyejua aelewe hivi: pakingi ni pale mjini mabasi yanaposimama kupakia watu, na shefu ndiye anayesema gari hili lisimame hapa, lile pale, huyu aondoke, yule angoje turu yake, yaani zamu. Watu wengi wanadhani ni kazi ya kupiga kelele tu. Hata shemeji yangu aliwahi kuniambia kwamba ukimvalisha mbuzi filimbi shingoni, magari yatapangika. Sikumjibu, maana alikuwa amekuja kula kwangu.

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu, Mungu amrehemu. Hakuwa na meno ya mbele, filimbi ilikuwa inamtoka mdomoni na kuanguka, kwa hiyo alitumia kikombe cha bati. Alikigonga kwenye nguzo ya taa, na kila dereva alijua mlio upi unamhusu. Siku ya kwanza nilidhani atanionyesha mistari na vibao. Akanisimamisha katikati ya pakingi, asubuhi, wakati watu wamejaa tele, akaniambia nifumbe macho.

"Sasa nionyeshe gari ya Kinama iko wapi," akasema.

Nikanyoosha kidole upande sauti ilikotoka.

"Unaona? Haukutumia macho. Mutu mwenye mutoto mugongoni na mzigo kichwani, hata kama anajua kusoma, atasoma kibao saa ngapi? Anasoma na masikio. We usipange gari, Haruna. Panga sauti."

Hilo neno ndilo lililonilisha mimi na watoto wangu. Panga sauti. Majina yanayofanana hayasimami jirani. Kinama isisikilizane na Kinindo. Mutanga na Mutakura, moja huku, lingine kule, na katikati yao weka jina lisilofanana na lolote, weka Gatumba, weka Musaga. Konvuayeri, yule kijana wa mlangoni anayeita abiria, huwa anameza nusu ya jina. Anaanza vizuri asubuhi, "Kinama, Kinama," mpaka jua likipanda unasikia "Kina, Kina, Kina," na hapo Mungu ndiye anayejua unakwenda wapi.

Kulikuwa na dereva mmoja wa Kinindo, Bosko, mtu wa kupenda kivuli kuliko kazi. Siku moja Mzee Sefu alikwenda kuswali, Bosko akajipenyeza pembeni ya gari la Kinama kwa sababu lilikuwa chini ya baraza. Mama mmoja akaja na beseni la ndagala mbichi, dagaa zetu hizi, zimetoka ziwani alfajiri ile. Akasikia "Kina, Kina," akamkabidhi konvuayeri wa Bosko beseni, yeye mwenyewe akazunguka akapanda gari la Kinama. Ndagala zikaenda Kinindo peke yao. Zikatembezwa kwenye majumba yenye mageti siku nzima, jua kali, madirisha yamefungwa kwa sababu abiria wa kule hawapendi vumbi. Jioni Bosko aliporudi, yule mama alikuwa amekaa chini mahali pake pa kuegesha, amekunja miguu, hasogei. Hakutukana. Alisema tu kwamba hataki maneno, anataka kufika Kinama na ndagala zake. Ilibidi Bosko ampeleke mwenyewe, gari tupu, na wiki nzima iliyofuata watu wa Kinindo walikuwa wakipanda gari lake, wakivuta pumzi mara moja, wakishuka.

Tulicheka sana. Mzee Sefu hakucheka. Alisema leo ni ndagala, kesho itakuwa mtu.

Kuna mengine aliyonifundisha, na juzi sikuyaona hata moja. Pakingi ina mdomo na ina tumbo. Mdomo ni pale karibu na njia ya kutokea, na kila dereva anataka mdomoni. Mdomoni wekeni magari ya kupanda mlima, ya Musaga na ya Kiriri, yasije yakaanza kurudi nyuma na kusogea mbele yakiwa yamejaa, kwa sababu klachi zao zinalia siku nzima. Gari la usukani wa kulia mlango wake uko kushoto, na hapa kwetu tunaendesha upande wa kulia. Liegesheni ubavu wa ukuta, mtu ashukie penye watu, asishukie penye magurudumu. Juzi nimemwona bibi kizee anashukia katikati ya barabara, na shefu amesimama hapo hapo anaangalia simu. Mnaniambia mna kundi la simu mnalopangia turu. Vizuri. Je, hilo kundi lina mtu mmoja anayeangalia bibi anatia mguu wapi?

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichonipandisha damu ni kuona kwamba zile Cibitoke mbili bado zimesimama ubavu kwa ubavu.

Nyinyi mnajua, lakini nitasema kwa ajili ya mgeni. Tuna Cibitoke ya hapa mjini, karitiye, yaani mtaa, wa kaskazini, mtu anafika kabla chai yake haijashuka tumboni. Na tuna Cibitoke ya mbali, ile ya uwanda wa Imbo, unapita Gihanga kwenye mashamba ya mpunga na kuendelea mpaka karibu na mpaka. Jina moja, safari mbili. Mzee Sefu aliziweka kila moja kwenye pembe yake, na pakingi nzima katikati. Halafu akapiga marufuku. Konvuayeri wa gari la mbali hakuruhusiwa kutamka Cibitoke. Aliita Rugombo, kwa sababu huo mji uko Rugombo na kila mwenyeji wa kule analijua neno hilo. Ukimsikia anasema Cibitoke, kikombe cha bati kiligonga nguzo na gari lilirudi mwisho wa mstari. Miaka yote ile, yake na yangu baada yake, sikumbuki mtu aliyepotea kati ya Cibitoke na Cibitoke.

Ndipo mafuta yalipoanza kuadimika. Hayo mnayajua wenyewe, mmekulia ndani yake: magari yanalala kwenye foleni za vituo vya mafuta, na pakingini watu wanapanga mstari mrefu wakingojea gari ambalo halijulikani kama litakuja. Wakati huo ndipo mwenye mafuta akawa ndiye mwenye amri. Kulikuwa na patroni mmoja, tajiri mwenye magari, anakaa Kiriri, jina lake sitalitaja kwa sababu sitaki kulitia mdomoni. Alinunua Kosta mbili mpya za safari ya mbali, na sijui alifanyaje, lakini Kosta zake hazikukosa mafuta. Akataka zisimame mdomoni. Na mahali alipopataka pako ubavuni mwa Cibitoke ya karitiye. Tena akasema hataki waite Rugombo. Rugombo kwake ni jina la kijijini, na Kosta mpya haziwezi kuitwa kwa jina la kijijini.

Komite ya pakingi ilikuwa na prezida wake, Deo, ambaye zamani alikuwa dereva wa Kanyosha na alijua kazi vizuri kabisa. Hilo ndilo linaloniuma. Asingejua, ningemsamehe.

"Mzee Haruna, we unatenganisha ndugu juu ya nini?" akaniambia. "Ile ni Cibitoke, na ile ni Cibitoke. Tuziweke pamoja, mutu atachagua."

"Mutu hatachagua. Mutu atasikia Cibitoke, atapanda."

"Kila gari iko na kibao."

"Kibao cha ya kwanza kimeandikwa nini?"

"Cibitoke."

"Na cha ya pili?"

Akaanza kucheka, kisha akaona nimemshika, akanuna. Aliniambia mi ni mzee, nimezoea mambo ya kikombe, na kwamba neno limeshapita. Kesho yake walikuja na rangi nyeupe wakachora mahali pa Kosta. Nikabaki na filimbi. Filimbi bila neno ni chuma tu.

Haikuchukua muda. Fundi mmoja mwashi, anakwenda kupiga lipu Cibitoke ya karitiye, alipanda Kosta na mwiko wake mkononi, akafurahi kupata kiti, akalala. Aliamka Gihanga, anaona mpunga kulia na mpunga kushoto. Pakingi ilimcheka mwezi mzima, walimpa jina la Mwashi wa Mpunga. Nilipompelekea Deo habari hiyo, alisema mtu akilala, kosa ni lake. Usingizi wa mtu maskini huwa ni kosa lake siku zote, nyinyi mmeshaona hilo.

Halafu ikaja siku ya Goreti.

Goreti ni fundi cherehani, ana meza yake Jabe. Alimshonea mke wangu nguo za Idi, ndiyo maana namjua. Kwao ni Rugombo. Asubuhi moja alikuja pakingini amejifunika kitenge mpaka usoni. Baba yake amefariki, na mazishi ni mchana wa siku ile ile. Mimi nilikuwa upande wa pili nikiamua ugomvi wa madereva wawili wa Buterere. Sikumwona. Yeye alikwenda kwanza kwenye ile pembe ya zamani ya Rugombo, akakuta wameweka magari ya Gatumba. Akarudi mdomoni. Akasikia vijana wawili wanaimba Cibitoke, Cibitoke, mmoja huku, mmoja kule. Kijana mmoja akampokea mfuko, akamwambia mama ingia, tunaondoka. Akaingia. Nyumbani kwao ni Cibitoke na gari linakwenda Cibitoke, angeuliza nini? Alilia njia nzima chini ya kitenge. Watu waliposhuka wote, akafunua uso, akajikuta kwenye karitiye.

Gari la kurudi halikuwepo, kwa sababu ya mafuta. Akarudi kwa miguu, na mfuko wake, na simu ikilia. Aliponifikia jua lilikuwa utosini. Kosta ya asubuhi ilikuwa imekwenda zake.

"Mzee Haruna," akaniambia, "baba, bananingojea kumuzika. Kaka anasema padri hawezi kungoja sana, iko na misa ingine."

Kosta ya pili ilikuwepo. Imesimama pale pale kwenye rangi nyeupe, na mafuta ndani. Ilikuwa na watu karibu nusu. Nilimwingiza Goreti kiti cha mbele, nikamwambia dereva, Nestori, awashe gari. Nestori alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniangalia, akaangalia simu yake, akasema lazima aulize. Akampigia Deo, Deo akampigia patroni. Jibu likarudi kwa njia ile ile: ijae kwanza.

Nikamfuata Deo ofisini kwake.

"Mutoto wa mutu anakwenda kuzika baba yake," nikasema. "Na aliyemupoteza ni rangi yako ile."

"Mi naelewa, mzee. Lakini gari si yangu."

"Pakingi ni ya nani?"

Alikuwa ameinamisha kichwa, anakwaruza meza kwa ukucha.

Basi nilifanya kazi ambayo shefu haifanyi. Nilivua koti, nikasimama mdomoni, na umri huu wangu, nikaanza kuita. "Rugombo. Rugombo. Rugombo." Neno lililokuwa limefukuzwa. Vijana wakacheka mwanzoni. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye gari la karitiye akatoa kichwa dirishani na kuuliza, "Kwani hii haiendi Rugombo?" Nikamshusha. Nikapanda humo ndani, nikauliza nani mwingine anakwenda Imbo. Mama mmoja na mwanawe wakasimama, na mfuko wao wa chumvi. Watatu ndani ya gari moja, vijana wangu, wamekaa wametulia wanapelekwa kusiko kwao. Nikawahamisha wote mbele ya macho ya Deo, aliyekuwa ametoka mlangoni kutazama.

Tukakaribia kujaa. Simu ya Goreti ililia tena, nilimsikia akimwambia kaka yake, "Niko ndani ya gari, niko ndani ya gari." Ilikuwa kweli, alikuwa ndani ya gari. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka milimani na abiria waliojua habari zake wakaanza kumwambia Nestori aende, viti vilivyobaki vitapata watu njiani. Mmoja alimwambia, "Shofere, we hauna baba?" Nestori alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kana kwamba gari linakwenda. Hakuwasha. Alijua akiwasha, kesho Kosta itakuwa na dereva mwingine, naye alikuwa na mke mjamzito. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Hasira yangu ilikwenda juu zaidi, ilipanda mpaka Kiriri, kwenye baraza ambalo mtu amekaa, hasikii Rugombo wala Cibitoke, na neno lake dogo linamfunga mwanamke kwenye kiti.

Kosta iliondoka adhana ya alasiri ikipigwa. Waliojaza viti vya mwisho ni wanafunzi waliokuwa wakicheka mambo yao, hawajui chochote. Goreti alinipungia mkono. Nilikwenda msikitini, na wallahi sikumbuki niliswali nini.

Jioni nilimwambia Deo kwamba lazima Cibitoke zitenganishwe. Akaniuliza, "Gari ilifika, ama haikufika?" Nikamwambia ilifika. Akasema, "Sasa shida iko wapi?" Nilikaa kazini miezi michache tena, nikiita Rugombo mwenyewe kila nilipopata pumzi, kisha miguu ikakataa, nikastaafu. Nilidhani nyinyi mtakapokuja, mliosoma na wenye miguu mipya, mtalifuta jambo lile siku ya kwanza. Juzi nimekuta rangi imepakwa upya. Mmeikoleza. Na nilipomuuliza mmoja wenu, aliniambia kwa upole kabisa, "Mzee, tulikuta hivyo hivyo."

Mlikuta. Hata moto ukiukuta ndani ya nyumba utasema uliukuta? Sogezeni Kosta moja kwenye pembe yake na mwambieni kijana wa mlangoni aite Rugombo. Hakuna mkutano unaohitajika, na kama patroni anataka kununa, ana nyumba kubwa ya kununia. Msiniambie ni gari tu na mahali pa kusimama tu. Deo alidhani shida ya pakingi inaisha gari likifika.

Goreti alirudi Jabe baada ya siku za msiba, akapita pakingini. Alikuja kunishukuru, na shukrani yake ilinichoma kuliko angenitukana. Nikamuuliza kama aliwahi. Mnajua desturi ya hapa kwetu: watu wakitoka kuzika, hawaingii nyumbani hivi hivi. Beseni la maji huwekwa mlangoni, kila mmoja ananawa, ndipo anakaa na wenzake kupata kinywaji.

"Nilikuta bamemaliza," akasema. "Bako mulangoni bananawa. Kaka akanisogezea beseni, shangazi akanimwagia maji. Batu bote baliniangalia. Nikanawa."

Nilimwambia pole.

"Mzee Haruna," akasema, "bananawa juu ya kutoa udongo. Mi mikono yangu haikuwa na udongo."